Ukizima uharibifu, umezima mchezo

NAJUA ukurasa huu ni wa mpira. Nivumilie kidogo, mpira tutaufikia.

Jumapili nilipita kwenye banda moja la gemu hapa Ifakara. Foleni yote ilikuwa ya gemu la mpira, huyu Arsenal, yule Real Madrid. Pembeni kulikuwa na dogo mmoja peke yake na DiRT Rally 2.0, gemu la mbio za magari lililotoka mwaka 2019. Alichagua Lancia Fulvia, gari la zamani kabisa. Kona ya tatu akavaa mti. Rejeta ikaharibika, injini ikaanza kuchemka, gari likawa linavutwa upande mmoja.

Wenzake wakamcheka. “Si upunguze huo uharibifu, bana?” Dogo akagoma.

Dogo yuko sahihi.

Kwenye gemu lile, baada ya vipande kadhaa vya njia unaingia kwa mafundi na unapewa dakika za kuhesabu. Rejeta ina dakika zake, giaboksi ina zake, shokapu zina zake. Ukizidisha, unaongezewa muda kama adhabu. Hata tairi za spea unachagua kabla ya kuondoka. Ukibeba mbili, gari linakuwa zito. Usipobeba, pancha moja imekumaliza.

Wasiojua watasema ni mateso. Mimi nasema hivyo ndivyo mbio za zamani zilivyokuwa. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Gari la familia! Wenye mbio kuliko wao waliishia kwenye tope.

Na tope sisi wa Kilombero hatuhadithiwi. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, tulivuka kwa kivuko. Dereva wa bonde hili wakati wa masika hakuulizi gari lako lina spidi ngapi. Anakuuliza una jembe, una mnyororo, una spea?

Sasa tuje kwenye mpira. Kwenye gemu la mpira mchezaji akiumia unabonyeza kitufe, siku zinapita, anarudi kama alivyokuwa. Tatizo ni kwamba hata mabenchi yetu ya ndondo yanaamini hivyo.

Nilikuwa winga. Jumatano enka ilivimba, Jumamosi ilikuwa fainali. Nikafungwa bandeji, nikameza vidonge vya maumivu, nikaingia. Nilicheza dakika 20. Zawadi ya bingwa ilikuwa mbuzi na seti ya jezi. Kipande cha barafu pale uwanjani hakikuwepo. Leo naandika mpira kwa sababu enka ile haijawahi kurudi sawa.

Kwa hiyo, waandaaji wa ndondo, kabla hamjatangaza mbuzi, tafuteni mtu wa huduma ya kwanza. Mpeni barafu, bandeji na mamlaka ya kusema “huyu hachezi leo”, na kocha asimbishie. Makocha, mchezaji aliyeumia ni gari lenye rejeta iliyotoboka. Litatembea, ndiyo, lakini kila hatua linaua injini. Na wewe mchezaji, kusema “naumia” sio uoga. Nowicki hakushinda kwa kujifanya gari lake haliharibiki.

Mashabiki nasi tuna kesi ya kujibu. Sisi ndio tunaopiga kelele “arudi! arudi!” wakati kijana anachechemea.

Dogo wa kwenye banda alimaliza wa mwisho, taa moja haipo, boneti limekunjamana. Alitembea taratibu njia nzima ili injini isife. Lakini alifika.

Mimi sikufika.