Tusikaze Nati Kabla ya Kujua Chanzo

Yeyote aliyepata kusimama kwenye kituo cha bodaboda ameona matone meusi ya oili chini ya pikipiki zilizoegeshwa. Dereva akiulizwa, aghalabu hujibu kwamba injini yatoa jasho tu. Siku akiamua kushughulika, hushika spana na kukaza kila nati aionayo. Maoni yetu ni kwamba kupuuza na kukaza ovyo ni watoto wa mama mmoja: uvivu wa kuchunguza. Na dawa ya uvivu huo yapasa ianzie darasani.

Hebu tuanze na hesabu. Injini ya pikipiki ya sentimita za ujazo 125 kwa kawaida hubeba takriban lita 1 ya oili. Tuseme tone 1 hudondoka kila dakika injini ifanyapo kazi, na tukadirie kuwa matone 20 ni mililita 1. Kwa saa moja zitapotea mililita 3. Kwa kazi ya saa 10, mililita 30. Na kwa siku 30, mililita 900. Kumbe jasho hilo laweza kuikausha injini katika mwezi mmoja, nayo pistoni ikwame ndani ya silinda! Tena oili ikifika kwenye tairi la nyuma au kwenye breki, kilicho hatarini si chombo tena, bali ni roho ya dereva na abiria wake.

Basi tuchunguze vipi? Jambo la kwanza kukumbuka ni kwamba mahali palipolowa si lazima pawe ndipo panapovuja. Oili huteremka kwa uzito wake, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Kwa hiyo chanzo hutafutwa juu na mbele ya doa. Injini ikiwa imepoa, isafishwe kwa maji ya sabuni, si kwa petroli, kisha ikauke. Inyunyiziwe unga wa chaki, iwashwe mahali pa wazi kwa dakika chache, kisha izimwe na kutazamwa. Unga utakapoanza kugeuka rangi, hapo ndipo penye mlango. Njia hii si ya kubahatisha. Mafundi wa reli tangu mwishoni mwa karne ya 19 waligundua nyufa za vyuma kwa kuvilowesha katika oili, kuvipangusa, na kuvipaka chaki.

Chanzo kikijulikana, dawa yake huwa rahisi. Washa ya nati ya kumwagia oili ikichakaa, hubadilishwa. Sili ya mpira iliyokakamaa kwa joto na umri haiponi kwa kukazwa. Hutolewa ikawekwa mpya. Kadhalika usisahau bomba la kupumulia. Pistoni ya injini ya silinda moja, kila iteremkapo, huisukuma hewa iliyo chini yake. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, jambo hilo hutukia mara 100 kila sekunde. Bomba hilo likizibwa na matope, kanieneo hupanda na oili hutafuta njia penye udhaifu. Hapo utakaza nati zote bila ya faida.

Kukaza kupita kiasi kuna madhara yake. Hesi za boliti ni za chuma cha pua, lakini mwili wa injini ni alumini, madini laini zaidi. Boliti ndogo yenye kipenyo cha milimita 6 kwa kawaida huhitaji nyutonimita 10 hivi. Kitabu cha mtengenezaji hutaja kiasi kamili. Kwa spana yenye urefu wa sentimita 10, hiyo ni kani ya nyutoni 100, karibu sawa na uzito wa kilo 10. Mkono wenye hasira huzidi hapo kwa urahisi, hesi zikang'oka, na uvujaji mdogo ukawa gharama kubwa.

Walimu wa fizikia, hapa pana somo la wenzo lisilohitaji vifaa vya ghali. Fungeni mizani ya kamani kwenye ncha ya spana, ivuteni kwa pembe mraba, na wanafunzi wasome wenyewe kani wanayotumia. Wengi watashangazwa na nguvu za mikono yao. Mwalimu wa kemia naye awaeleze kwa nini oili chakavu isimwagwe ardhini wala mtaroni, ila ikusanywe chomboni, kwani huharibu udongo na maji.

Wengi wa wanafunzi hao watakuja kuendesha, kumiliki au kutengeneza pikipiki. Kanuni za kani na kanieneo wamekwisha kuziandika katika madaftari yao. Kilichobaki ni kuwafikisha mbele ya injini inayovuja, wakiwa na chaki mkononi kabla ya spana.