Mkongo Ukikatika Baharini, Duka la Kampala Hutetereka

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika baina ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Siku ile ile intaneti ilidorora katika Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi, na matengenezo yakachukua zaidi ya wiki mbili.

Wako waliosema kuwa hilo ni jambo la makampuni makubwa ya simu. Sisi hatuafiki. Aliyeumia zaidi ni mwenye biashara ndogo, na miongoni mwao wamo askari na polisi wastaafu waliotia kiinua mgongo chao chote katika duka la dawa au la vipuri. Siku hizi hesabu ya bidhaa imo ndani ya kompyuta, malipo hupita katika simu, na tangu Januari 2021 wafanyabiashara wa Uganda waliosajiliwa kwa kodi ya VAT wametakiwa kutoa risiti kwa mfumo wa EFRIS. Mtandao ukizimika mauzo husuasua, ilhali kodi ya pango haingoji.

Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yake hutoka Mombasa, ikapita nchi kavu hadi mpakani Malaba na Busia. Na mkongo wa Seacom ulikwisha kujeruhiwa upande wa kaskazini, katika Bahari ya Sham, mnamo Februari 2024. Meli Rubymar, iliyopigwa kwa kombora na Wahouthi wa Yemen, iliachwa na mabaharia wake ikaelea ikiburura nanga, na inaaminika kuwa nanga hiyo ndiyo iliyoukata. Hivyo Mei ilipofika, mkongo ule ule ukawa umefungwa kaskazini na kusini. Afisa yeyote wa mawasiliano anaifahamu hali ya kikosi kilichokatwa mbele na nyuma.

Basi mwenye duka asidhani ana njia mbili kwa kuwa tu amenunua laini za makampuni mawili. Huenda zote zinapita katika mtaro mmoja wa barabarani, au zinategemea mnara mmoja. Kabla ya kuuliza kasi na bei, na amwulize mwuzaji njia hiyo inapita wapi mpaka kufika pwani, na ikikatika itageukia wapi. Wauzaji wengi watababaika. Na kubabaika huko ni jibu la kutosha.

Hata hivyo tusiisingizie bahari kila kosa. Mara nyingi mtandao hufia dukani penyewe. Umeme ukikatika, ruta huzimika, ingawa hutumia umeme kidogo sana hata betri ndogo ya akiba ingeiweka hai kwa saa kadhaa. Kompyuta ya kupokelea fedha huunganishwa kwa mawimbi ya hewani yanayogombaniwa na simu za wateja, wakati waya wa shaba wa kawaida ungefika mita 100 bila taabu. Wateja nao hupewa neno la siri lile lile linalofungua njia ya kufikia vitabu vya hesabu. Polisi wa upelelezi hawahitaji kuelezwa matokeo yake.

La kutiliwa mkazo zaidi ni programu yenyewe ya mauzo. Iko inayokataa kufanya kazi mara intaneti inapopotea, na iko inayoandika kila mauzo ndani ya kompyuta ya dukani kisha ikayapeleka mtandao urudipo. Ile ya pili ndiyo ya kununuliwa, pamoja na nakala ya hesabu inayohifadhiwa nje ya jengo, kwani moto na mwizi havichagui.

Kisha ufanywe mtihani, kama kikosi kinavyofanya mazoezi kabla ya kwenda mstari wa mbele. Siku isiyo na wateja wengi, fundi na auchomoe waya mkuu wa intaneti bila kumwarifu mtu, na mwenye duka atazame saa: ni dakika ngapi zitapita kabla ya mteja wa kwanza kuhudumiwa kwa njia ya pili.