Mzazi Anapolia Ndani ya Arobaini

Katika miji yetu ya Pwani, mwanamke aliyejifungua haachwi peke yake. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, huletewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na kazi za nyumba hubebwa na wengine mpaka zitimie siku arobaini. Mila hii ni neema kubwa. Lakini wageni wakiingia huuliza mtoto ana kilo ngapi na amefanana na nani. Ni nadra kumsikia anayeuliza mama ana hali gani moyoni.

Machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi, na kwa kawaida hukauka kabla ya wiki mbili. Yakizidi hapo, akawa hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, hafurahii chochote na ajiona hafai kuwa mama, basi huenda huo ni ugonjwa uitwao sonona. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea takriban mwanamke 1 kati ya 5 hupata maradhi ya akili baada ya kujifungua, na mengi ya maradhi hayo ni sonona.

Nasi tunamwambia nini? "Una mtoto mzima, una mume, walia nini?" Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu siha ya mwili na ya nafsi. Humo alitenganisha huzuni ambayo sababu yake yajulikana na ile ambayo mwenyewe haijui sababu yake, na hii ya pili akaihusisha na mwili. Kwa hivyo tunapomdai mzazi sababu, tunamdai kitu asichokuwa nacho. Bibi Maryam, alayhas salaam, uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende, alitamani lau angekuwa amekwisha kufa. Hakukemewa. Aliliwazwa, akaonyeshwa maji na tende.

Wengine husema ni jini au kijicho. Kisomo na dua hatuna ugomvi navyo, navyo humtuliza mgonjwa. Tunachokipinga ni kumchelewesha kwa daktari kwa jina la kisomo. Mzazi akisikia sauti wasizozisikia wenzake, akasema maneno yasiyoshikana, au akataja kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane, na asiachwe peke yake na mtoto.

Kwa aliye na dalili za sonona, kliniki haiko mbali. Chanjo ya wiki 6 huangukia karibu na siku ya kutoka arobaini. Mama mkwe au dada amsindikize, ampakate mtoto, amwambie muuguzi waziwazi kwamba huyu halali wala hali. Sonona hutibika, kwa mazungumzo na mshauri au kwa dawa, na zipo dawa anazoweza kutumia anayenyonyesha. Daktari ndiye atakayechagua.

Na baada ya arobaini? Hapo ndipo nyumba hubaki tupu, waliokuja kusaidia wakarudi makwao, naye mgonjwa bado ni mgonjwa. Kina mama wa darsa moja au wa mtaa mmoja waweza kugawana siku: huyu Jumanne, yule Alhamisi. Afikaye afue nepi, ampokee mtoto mzazi apate kulala, kisha akae naye bila kumhoji.