Barua pepe ya pesa isiwe picha tupu

Chukua mwenye nyumba ya wageni pale Mambrui. Msimu umeisha, wageni wamevuka Sabaki kurudi Malindi, na yeye anataka mkopo wa kuezeka upya paa la makuti. Sacco wanamwambia alete taarifa ya miamala ya miezi sita. Anaiomba kwa simu, inatumwa kwa barua pepe, anafungua: ukurasa mweupe, viboksi vitupu, na chini kabisa kitufe cha "bonyeza hapa". Ama haoni kitu mpaka mwanawe aichimbue kwenye barua taka.

Wengi hapo huilaumu simu, au ile antivairasi. Mimi naona antivairasi haina kosa. Wa kulaumiwa ni aliyeichora barua.

Barua nyingi za kampuni siku hizi huundwa kwa HTML, lugha ileile ya kurasa za mtandao. Sasa picha zake kwa kawaida hazimo ndani ya barua. Huvutwa kutoka kompyuta ya mtumaji wakati unapofungua, na zikivutwa, yeye anaweza kujua kuwa umefungua na saa ngapi. Ndiyo maana Outlook huzizuia mpaka useme ndiyo. Gmail, tangu Desemba 2013, huzipitisha kwenye mitambo yake na kuzionyesha, ila si zilizotupwa kwenye barua taka. Basi kama mbunifu ameweka jina, kiasi na tarehe vyote ndani ya picha moja kubwa, picha ikizuiwa hakuna barua tena. Isitoshe, picha isiyo na maandishi ni mbinu ya zamani ya matapeli ya kukwepa vichujio vinavyosoma maneno, kwa hiyo programu ya ulinzi huitilia shaka kabla wewe hujaiona.

Viambatisho navyo vina yake. PDF iliyofungwa kwa namba ya siri ni jambo jema, maana mpita njia hawezi kuisoma. Lakini hata programu ya ulinzi haiwezi kuchungulia ndani, na barua pepe za ofisini hasa huweza kuizuia mlangoni. Omba itumwe kwenye anwani yako binafsi, si ya kazini.

Kinachonitia hofu zaidi ya ukurasa mweupe ni mazoea. Mteja ambaye barua zake halali huzuiwa kila mara hujifunza kubonyeza "onyesha picha", "si taka", "endelea", bila kusoma. Siku tapeli akileta barua yenye nembo ileile, kidole kishazoea, na pesa za msimu mzima zinaondoka.

Kwa hiyo kampuni ziandike kiasi, tarehe na namba ya muamala kwa maandishi ya kawaida, nembo ibaki pambo. Viungo vionyeshe jina la kampuni yenyewe, si vile vilivyofupishwa mpaka hujui vinakupeleka wapi. Ni kweli, tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo huwataka watumaji wakubwa wathibitishe kwamba barua inatoka kwenye jina linalodaiwa. Vizuri, ila tapeli naye anaweza kununua jina linalofanana na la kampuni, kasoro herufi moja, akalithibitisha vilevile.

Na wewe, kabla ya kufungulia kilichozuiwa, jiulize: nimeomba mimi? Kama umeomba taarifa dakika tano zilizopita, itafute kwenye barua taka bila wasiwasi, kisha soma anwani yote iliyo baada ya @, herufi kwa herufi. Kama hukuomba, iache hukohuko. Ikikudai PIN yako ya pesa, ni wizi. PIN haifungui taarifa yoyote. Akipiga mtu simu akuambie uzime antivairasi ili "faili lifunguke", kata.

Barua ikifika nyeupe kabisa, rudi kwenye menyu uliyoombea uombe tena, au hakiki muamala kwenye SMS zako. Halafu wapigie huduma kwa wateja, uwaambie wazi kwamba barua yao haisomeki bila picha.