Kuishtaki Serikali si Utovu wa Adabu

Ndugu zangu wa Mlandege na Iringa nzima, mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Inasikitisha kwamba ni wachache sokoni waliowahi kulisikia, maana uamuzi ule ndio uliompa mwenye kibanda haki ya kusimama mahakamani na Serikali bila kuiomba kwanza Serikali yenyewe ruhusa.

Kabla ya hapo ruhusa ilikuwa lazima. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya 1967, ilivyorekebishwa 1974, ilimtaka raia apate kibali cha maandishi cha Waziri. Waziri hakuwekewa muda wa kujibu, na akikataa hakudaiwa sababu. Chimbuko la jambo hili ni Uingereza, ambako kwa karne nyingi mfalme hakushtakiwa katika mahakama zake. Aliyedhulumiwa alipeleka ombi akangoja hisani. Waingereza wenyewe waliachana na utaratibu huo mwaka 1947. Sisi, jamhuri isiyo na mfalme, tukaendelea kuubeba.

Ukombozi ulitoka kwenye Katiba. Haki za msingi ziliingizwa humo mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia 1988. Majaji walipoipima sheria ya kibali kwa Katiba wakaona inamfungia raia mlango wa haki, wakaibatilisha.

Mwaka uliofuata Bunge likaleta notisi ya siku 90. Siipingi notisi kwa jumla, kwa sababu ofisi ikipewa nafasi yaweza kusahihisha kosa lake bila kwenda kortini. Lakini siku 90 ni nyingi mno kwa mama lishe aliyeamka akakuta mlango wa kibanda chake umechorwa X nyekundu, na karatasi iliyobandikwa chini yake inampa siku 7 awe ameondoka. Zamani halmashauri ilishtakiwa kwa notisi ya siku 30. Tangu marekebisho ya 2020 nayo imeingizwa katika siku 90, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa maoni yangu hapo tumerudi nyuma, na wabunge wetu wanapaswa kuulizwa.

Hata hivyo mama yule asikate tamaa. Sheria yetu bado inaruhusu mahakama kutumia kanuni za haki za Kiingereza, zile zilizopokelewa kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Kwa njia hiyo, amri iitwayo Mareva, iliyopata jina lake kutokana na kesi ya kampuni ya meli iliyoamuliwa London mwaka 1975, imefika mpaka kwetu. Mahakama Kuu huitoa kuzuia jambo lisitendeke wakati siku 90 zinahesabika. Urithi uleule wa kikoloni uliotuletea kibali umetupa na kinga, lakini kinga hiyo humfaa anayejua kuiomba.

Kwa hiyo nawasihi. Uamuzi wa ofisi ukikuumiza, usiishie kunung'unika kwenye kijiwe cha kahawa, wala usimtupie mawe mgambo. Andika notisi: ulitendewa nini, lini, na unadai nini. Ipeleke kwenye ofisi husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Nakala utakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, usiondoke dirishani bila huo muhuri, kwani ndio utakaothibitisha siku zako. Usipomudu wakili, tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Wako wanaosema kuipeleka Serikali kortini ni kuikosea heshima. Majaji wa 1993 walikwisha kulijibu hilo. Viongozi wa soko, isomeni hukumu ile kwenye mkutano wenu ujao, na kila mwenye kibanda aisikie.