Kisu Kikali na Nyuzi Zilizofungamana

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama munaongojea bwana arudi toka kazini,

Watu wa Hong Kong na Guangdong, kule China, wanaosema Kikantoni, wako na neno moja: kisu cha mbio kinakata katani iliyofungamana. Wachina wengine nao wanalisema. Maana yake: jambo likikuwa gumu, usikae kulifungua uzi kwa uzi. Kata mara moja.

Hadithi yake ni ya zamani. Mukubwa mumoja, Gao Huan, aliwapa watoto wake nyuzi zilizovurugika, aone nani ako na akili. Wengine wakaanza kufungua pole pole. Gao Yang akachomoa upanga, akakata. Mwaka 550 akakuwa mufalme wa Qi ya Kaskazini.

Neno hili linatufaa sisi watu wa shimo. Ukuta ukionyesha ufa, udongo ukianza kudondoka, maji ya mvua yakiingia, kila mutu anaelewa. Lakini anasema: nijaze mufuko moja tena, juu ya deni, juu ya falanga za masomo ya watoto. Mwezi wa 6 mwaka 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka, wachimbaji zaidi ya 40 wakakufa. Hatusemi kwamba wale walikawia. Tunasema udongo haungojei mutu.

Basi mukate shauri mbele ya kushuka, mukiwa bado juu. Mupatane hivi: wa kwanza kuona ufa apige kelele, wote wapande, hakuna kubishana, hata mukubwa wa ekipe. Mufuko ubaki chini. Na wewe mama, akirudi mikono mitupu, usianze kwa kuuliza "umeleta ngapi?" Ulizo hilo ndilo linalomurudisha kwenye ufa.

Lakini hadithi haikuishia pale. Gao Yang, akishakuwa mufalme, alizama katika pombe na akaua watu ovyo ovyo. Kisu kile kile. Kwa hiyo si kila jambo la kukata mbio. Kutia mukono kwenye karatasi ya deni ya munuzi, kuuza kiwanja, kumutoa mutoto masomoni aende kuosha mawe: hayo ulale kwanza, uulize bibi na wazee.

Pale kukawia kunaua, kata leo. Pale haraka ndiyo inaharibu, ngoja kesho.