Hesabu ya Risasi

Wako watu wasemao kwamba mambo ya vita ni ya wanajeshi peke yao, na kwamba raia hana haki ya kuuliza, ila wajibu wa kushangilia. Maneno haya nimeyasikia barazani na katika magari ya abiria. La kusikitisha zaidi, nimeyasikia darasani mwangu, vinywani mwa vijana warudio kutoka likizo wakisimuliana habari za vita walizozisoma katika simu, kama wasimulianavyo matokeo ya mpira: hawa wameua wangapi, wale wamepoteza wangapi, nani anaongoza. Nataka kuyapinga maneno hayo kwa nguvu zangu zote. Wala sitaanza na vita vya mataifa makubwa, bali nitaanza na risasi moja iliyofyatuka kijijini kwetu.

Nilikuwa mtoto wa darasa la sita. Katika sehemu yetu wizi wa mifugo ulikuwa haukomi, na kwa sababu hiyo wanaume wachache walipewa bunduki wawe polisi wa akiba. Jioni moja mmoja wao alirudi kutoka doria, akaiegemeza bunduki yake ukutani chumbani, akakaa kupumzika. Mpwa wake, aliyekuwa rafiki yangu, akaishika. Mwenyewe alimwona, wala hakushtuka. Alisema, "Mwacheni acheze, haina kitu." Ilikuwa na kitu. Risasi ilipenya paja la dada wa yule mtoto, msichana wa miaka minane, naye hata leo anachechemea.

Ajali ile ilikuwa mbaya, lakini iliyofuata ilikaribia kuwa mbaya zaidi. Kwa kuogopa kunyang'anywa bunduki na heshima yake, mtu yule alitangaza kwamba wezi wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto wamelishambulia boma lake, wakampiga mtoto risasi na kutoroka kabla yeye hajapata nafasi ya kufyatua hata moja. Habari ilienea upesi kama moto katika nyasi kavu. Kabla ya usiku wa manane vijana zaidi ya thelathini walikuwa wamekusanyika na pinde na mapanga, tayari kuvuka mto na kulipiza kisasi kwa watu waliokuwa wamelala. Hakuna aliyeuliza neno. Kuuliza kulionekana kuwa ni woga, na nani angependa kuitwa mwoga usiku ule?

Aliuliza mzee mmoja tu, aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Alikuja na mkongojo wake, akamwambia mwenye bunduki, "Mwanangu, ulipewa risasi ngapi?" Akajibu, "Ishirini, mzee." "Zihesabu mbele yetu." Zikahesabiwa, zikawa kumi na tisa. Ganda la ile ya ishirini lilipatikana chini ya kitanda. Vijana walirudi makwao kimya, na ng'ambo ya mto watu waliamka asubuhi wakakama ng'ombe wao bila kujua jinsi kifo kilivyowakaribia.

Baadaye mzee yule alitueleza sisi watoto desturi za askari aliyefunzwa vizuri. Huichukulia kila bunduki kuwa imejaa, mpaka aifungue aone kwa macho yake. Haelekezi mtutu kwa kitu asichokusudia kukipiga. Hatii kidole penye mtambo kabla hajaamua kufyatua. Hujua kilicho nyuma ya shabaha yake. Tena arudipo kambini hutoa hesabu ya kila risasi aliyopewa. Nami nasema kwamba taifa linalompa kijana bunduki kwa sharti la hesabu, kisha likapokea habari za bunduki hizo bila hesabu yoyote, limefanya kazi nusu.

Tazameni yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola, karibu na Mto Tana, mahabusu 11 walikufa. Tangazo la serikali ya kikoloni lililotolewa mara baada ya vifo hivyo lilisema kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Maneno hayo yalitungwa kwa ustadi, maana yalimfanya msomaji ayashuku maji. Lakini maiti zilipochunguzwa zilikutwa na majeraha ya kupigwa. Walipigwa virungu na askari waliowalinda, kwa kuwa walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Mwezi wa Julai mwaka ule ule jambo hilo lilijadiliwa kwa ukali katika Bunge la Uingereza. Jambo lililoiangusha hadithi ya maji lilikuwa swali dogo: je, maji huvunja mifupa?

Au tazameni Vietnam. Tarehe 16 Machi 1968 kikosi cha jeshi la Marekani kiliingia katika kijiji cha My Lai. Taarifa ya jeshi ilisema kwamba maadui 128 waliuawa na silaha 3 zilitekwa, na magazeti yakaichapa habari hiyo kama habari ya ushindi. Sitaki kudai kwamba msomaji wa siku ile angeweza kujua kila kitu. Lakini kuhesabu angeweza. Je, maadui 128 hupigana kwa silaha 3? Ukweli ni kwamba waliouawa walikuwa wanakijiji, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Ukumbusho wa Vietnam unataja watu 504. Dunia haikuambiwa mpaka Novemba 1969, mwandishi Seymour Hersh alipoitoa habari hiyo.

Walakini siku ile ile alikuwako askari mmoja aliyejua kazi yake. Rubani Hugh Thompson aliishusha helikopta yake kati ya askari wenzake na wanakijiji waliokuwa wakikimbia, akawaamuru wenzake wawili aliokuwa nao wawafyatulie Wamarekani wenzao kama wangeanza kuwaua watu wale. Kisha akaenda kuwaarifu wakubwa wake aliyoyaona. Kwa miaka mingi wako waliomwita msaliti, na nishani aliyostahili kwa tendo hilo aliipata mwaka 1998. Basi wale wasemao kwamba kuuliza ni kulidharau jeshi wajibu swali hili: ni nani aliyeitunza heshima ya jeshi siku ile, yule aliyeandika 128 au yule aliyeshuka?

Najua nitaambiwa kwamba ukweli humsaidia adui. Sikatai kwamba yako mambo yapasayo kufichwa: njia ya kesho, idadi ya walinzi, saa ya kuondoka. Hayo ni siri ya askari, na anayeyatangaza anaweza kuwaua ndugu zake. Lakini waliokufa jana si siri ya kesho. Tarehe 15 Januari 2016 wapiganaji wa Al-Shabaab waliishambulia kambi ya majeshi yetu huko El Adde, Somalia. Katika siku zilizofuata serikali haikulipa taifa hesabu ya askari waliokufa. Adui aliyekuwa pale aliona kwa macho yake. Waliokosa kujua ni mama wa vijana wale, waliobaki kusikiliza uvumi na kuzipigia simu zisizoitika. Siri ya namna hiyo inamlinda nani? Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humfichua.

Lakini haifai kuwalaumu wakubwa tu. Kijana apelekaye kwa wenzake picha ya maiti ambayo hajui ilipigwa wapi, wala lini, wala na nani, hana tofauti na yule aliyesema "haina kitu." Ameelekeza mtutu bila kujua kilicho nyuma ya shabaha. Huenda huko nyuma wako vijana thelathini wenye mapanga wanaongoja neno moja tu.

Kwa hiyo nawasihi, wanafunzi wangu, msione haya kuuliza. Habari ya vita ikifika mikononi mwenu, iwe imetoka serikalini au kwa rafiki, ichukulieni kuwa imejaa mpaka mmeifungua. Ulizeni nani ameiona. Ulizeni waliokufa walikuwa na silaha gani, na majina yao ni nani. Mkikosa jibu, nyamazeni, wala msiipeleke mbele. Na baadhi yenu mtakapovaa sare za jeshi, kama nijuavyo mtavaa, toeni hesabu ya kila risasi kabla hamjaulizwa. Usiku ule kijijini kwetu wanaume wazima zaidi ya thelathini waliogopa kuuliza swali moja, na kama mzee yule angalikuwa amelala, sijui ni watoto wangapi wa ng'ambo ya mto wasingaliamka.